Wajinga Kumi na Watano wa Mpuguso

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu asubuhi. Madam Winfrida, msimamizi wa tafiti zetu hapa chuoni, amegawa madodoso sitini kwa kila mwanafunzi. Mada: vijana wa miaka kumi na nane hadi ishirini na nne wanajua nini kuhusu uzazi wa mpango, na wanatumia nini. Vijiji tuchague wenyewe. Atakayeleta kazi ya uongo atarudia mwaka. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Kurudia mwaka hakupo. Baba ameshawatangazia ndugu wote kwamba mwanawe Asajile anamaliza Novemba. Ameshatenga na dume la kuchinja.

Hasina akanyoosha mkono kuuliza kama inaruhusiwa kufanya mia. Mia! Mtoto wa fundi cherehani wa mjini, amefunga Ramadhani, bado anataka kupanda vilima na mwavuli. Kuna watu hawajipendi.

Jumanne, 11 Machi

Nimewaza sana. Kutembea kwenye matope kumwuliza mtu asiyejua, jambo ambalo mimi ninalijua, ni kumaliza soli za viatu bure.

Na mimi ninalijua. Alinifundisha binamu yangu Yohane wa Mbeya. Siku salama za mwanamke ni zile za katikati ya mzunguko. Kidonge cha majira humezwa siku ya kukutana tu. Kondomu zikivaliwa mbili kwa pamoja ndiyo uhakika. Kijiti kikishawekwa mkononi husafiri hadi kwenye moyo. Yohane ana miaka thelathini na watoto sita. Uzoefu kama huo Hasina ataupata wapi?

Uamuzi: nitayajaza mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Kazi nzito! Kalamu za rangi tatu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Madodoso mengine nimeyadondoshea chai. Manne nimeyakanyaga na kiatu chenye tope ili yaonekane yametoka shambani. Madam hana ubavu wa kugundua.

Arobaini na tano nimeyapa Kawetele, kijiji chetu. Wote wenye akili, wote wamejibu sawasawa. Lakini wakipata watu wote Madam atashtuka. Wanahitajika wajinga. Wajinga kumi na watano nimewapa Mpuguso, kijiji jirani, kwa sababu Januari walitufunga nne bila, na golikipa wao, Baraka, alinicheka mbele ya wasichana.

Nimewafanya wajinga kweli kweli! Wanasema kidonge humezwa kila siku. Kila siku, kama chai! Wanasema kondomu ni moja tu. Eti siku za katikati ya mzunguko ndizo za hatari. Eti kijiti kinakaa palepale mkononi, na kikitolewa mtu anazaa kama kawaida. Nimecheka mpaka Hafidhi, mwenzangu wa chumba, akauliza kuna nini. Nikamsomea. Hakucheka. Akasema dada yake Nasma ni nesi, na anasema hivyohivyo. Nikampa pole.

Ijumaa, 14 Machi

Hasina amerudi na matope hadi magotini. Madodoso ishirini na mawili tu kwa siku tatu. Mimi nimemaliza sitini nikiwa kitandani, na ndizi za kuchoma pembeni.

Alikuwa anawasimulia wenzake kuhusu binti wa miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, aliyeanza kulia kwenye swali la tatu. Binti alimwambia tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza anajua nini, wala kumweleza. Hasina mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nikamwuliza machozi ameyajaza kwenye kisanduku kipi. Akageuka, akaendelea na wenzake. Hana utani yule.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeitwa ofisini. Nilivaa shati jeupe, nikijua ni pongezi.

Madam alikuwa ameyagawa madodoso yangu mafungu mawili. Akaweka mkono juu ya fungu kubwa, la Kawetele, akasema hawa wanamtisha. Vijana arobaini na tano, wote wamekosea, tena wamekosea vilevile, swali kwa swali. Siku za katikati ndipo mimba inaposhika. Kidonge kisipomezwa kila siku hakisaidii. Kondomu mbili zikisuguana zinapasuka. Na hakuna kijiti kilichowahi kufika moyoni kwa mtu.

Kisha akalipapasa fungu dogo. Hawa kumi na watano wa Mpuguso, akasema, ni dhahabu. Hawajakosa hata swali moja. Anataka Ijumaa nimpeleke akawaone kwa macho, amjue aliyewafundisha. Alikuwa anatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Nimerudi chumbani nikiwa na huzuni kwa ajili yake. Mtu katoka kwao Singida, hajazoea baridi ya Tukuyu, akili inaganda. Wajinga wangu anawaita dhahabu! Lakini kama nataka kumaliza Novemba, lazima dhahabu ipatikane kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 19 Machi

Mpuguso. Nimemeza kiburi, nimemwendea Baraka. Golikipa yuleyule. Nikamwahidi mpira mpya wa ngozi akinipatia vijana kumi na watano wa kuongea na mgeni wangu. Akaleta timu nzima, pamoja na wasichana wanne wanaouza parachichi sokoni.

Nikawapanga nyuma ya ghala, nikaanza kuwakaririsha ule upuuzi. Kidonge kila siku. Kondomu moja. Baraka akadakia kwamba mbona hayo wanayajua siku nyingi, nesi huja zahanati kila mwezi kuwaeleza. Nikamwambia aache kujifanya msomi, afuatishe ninavyosema. Wale wasichana wakawa wanatazamana. Mmoja, Tupokigwe, akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe ninayaamini hayo ninayowafundisha. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia msomi hawezi kuamini mambo kama hayo, waseme tu.

Mpango umekaa vizuri. Sioni pa kuharibika.

Ijumaa, 21 Machi

Umeharibika.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Madam anauliza, wao wanajibu bila kusita hata mmoja. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiitikia kwa kichwa kama mwalimu wao. Ndipo akauliza dodoso walilijaza lini.

Baraka akasema dodoso gani, mama? Karatasi hawajawahi kuiona. Huyu kaka alikuja juzi, akawapanga nyuma ya ghala, akawakaririsha mambo wanayoyajua huku yeye mwenyewe anayacheka. Wakacheka timu nzima, pamoja na wachezaji wa akiba. Ila Tupokigwe hakucheka. Alimshika Madam mkono, akamwambia, "Mama, huyu kaka mbakize hapa kwetu, tumsaidie kidogo. Anaweza akamharibia mtoto wa mtu maisha."

Mimi! Msomi wa mwaka wa pili!

Tukarudi na Madam mpaka Tukuyu. Aliposhuka akanipa madodoso thelathini matupu. Yajazwe kwa midomo ya watu wenyewe, na majina ya wenyeviti wa vitongoji nitakakopita, ili awapigie simu. Mwisho tarehe tatu Aprili. Yakikosekana, narudia mwaka. Jioni baba akapiga kuuliza nimealika wangapi. Kwa kweli nilitaka kulia.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeweza! Watu thelathini, wa kweli, wenye miguu na mikono. Siku tisa za mvua. Nimeteleza Kawetele mara nne, mbwa amenifukuza mara moja, wenyeviti wote wameandika majina yao. Hasina mwenyewe amenipa hongera, nikaipokea kwa heshima yake.

Lakini majibu! Ishirini na wawili wamerudia maneno ya Mpuguso neno kwa neno. Kila siku, moja tu, palepale mkononi. Bila shaka Hasina alipita kabla yangu akawaharibu. Ni wanane tu waliojibu sawasawa, na sita kati yao walikuwa na watoto mgongoni. Watu wenye uzoefu.

Nikawaza: kesho Madam ataona vijana wa nyumbani kwetu wameaibika kiasi hiki? Roho ikaniuma. Basi leo nimefunga mlango, nimechukua kalamu, nimewasahihishia wote ishirini na wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko safi. Wale wanane nimewaacha kama walivyojibu wenyewe. Mimi sio mtu wa kughushi.