Kucha za Baba wa Bibi Harusi

Jamani, leo heshima yangu imeishia kanisani. Ninyi mliobaki hapa gereji nawasimulia mwenyewe, kabla hamjaletewa habari na chumvi nyingi kutoka huko kanisani Pasiansi.

Mnajua leo nilikuwa namwoza Milembe wangu, yule muuguzi. Na mikono yangu mnaijua. Miaka yote hii ya oili chafu, kucha zimekuwa nyeusi mpaka kwenye mizizi. (Na zenu pia. Msijiangalie sasa.) Baba wa bwana harusi ni mwalimu kule Magu, mtu wa chaki, vidole vyeupe kama unga wa muhogo. Nikajiambia, siku kama hii sitamwaibisha mwanangu.

Asubuhi nikaenda kwa jirani, Mama Rehema. Tangu hizi bidhaa za Dubai zianze kumiminika, amefungua saluni barazani kwake, chupa za rangi za kucha amezipanga dirishani kama soda.

"Shemeji," akasema, "tatizo lako ni hii ngozi inayozunguka kucha. Imekufa, ndiyo inayoficha uchafu. Ikate yote! Halafu chovya vidole kwenye kitunguu saumu na ndimu. Kucha zitakuwa ngumu na nyeupe."

"Haitauma?"

"Ikiuma ujue inafanya kazi."

(Mtu mzima, naoza binti, na nikaamini.)

Nikakata kwa wembe, kidole baada ya kidole. Nikaponda kitunguu, nikakamulia ndimu, nikachovya. Mama yangu! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Lakini nikajipa moyo kwamba inafanya kazi. Ilifanya kazi kweli kweli!

Mke wangu akachungulia. "Nani anapika pilau humu ndani?"

"Ni mimi."

Akatazama bakuli, akatazama vidole, akanitazama usoni. Gari la maharusi lilishapiga honi nje.

Njiani vidole vikaanza kuvimba. Tunafika kanisani, vimenenepa kama ndizi za kuchoma na vinadunda kama vina moyo wake. Milembe akanishika mkono, tukaingia. Kwa bahati alikuwa amevaa glavu laini, na alinishika taratibu. Nikatabasamu kwa watu wa kulia, nikatabasamu kwa watu wa kushoto. Machozi yakanilengalenga. Watu wakasema, angalia baba anavyompenda mwanawe. (Nampenda, ndiyo. Ila yale yalikuwa ya ndimu.)

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna. Akaniambia nimkabidhi binti. Nikauchukua mkono wa Milembe, nikauweka juu ya mkono wa bwana harusi, Masanja. Sasa yule kijana ni mtu wa shamba, ana mikono inayobana kama jiriwa. Kwa furaha akaikumbatia mikono yetu yote miwili, akaminya.

"Achia!" nikapiga yowe. "Achia! Achia mkono!"

Masanja akaruka nyuma, akauachia na wa bibi harusi. Mchungaji akaninyooshea kipaza sauti. "Mzee, una pingamizi?"

Upande wa Magu shangazi mmoja akasimama. "Jamani! Tumetoka kwetu na ngoma, leo turudi nazo?"

Milembe akafunua shela. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hapo ndipo nilipoumia kuliko vidole. "Baba, kuna nini?"

"Kucha," nikasema. Kipaza sauti bado kilikuwa mdomoni kwangu. KUCHA, likajibu kanisa zima.

Akavuta mkono wangu, akautazama, akaunusa. "Umekata ngozi ya kucha? Baba, ile ndiyo inayozuia vidudu visiingie. Haikatwi! Na hiki kitunguu?"

"Cha kuimarisha."

"Kinaunguza tu!"

"Nilitaka ziwe safi, mwanangu. Wakwe wasikucheke."

Hapo hapo mbele ya mchungaji, akainamisha kichwa akaanza kunipulizia vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayempulizia mtoto aliyeungua na uji. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mimi nilitaka uje na mikono yako ile ile."

Safari hii machozi hayakuwa ya ndimu.

"Kwa hiyo pingamizi halipo?" mchungaji akauliza.

"Halipo, mchungaji. Mwozeshe kabla sijaguswa tena."

Kanisa likaangua kicheko. Shangazi wa Magu akapiga vigelegele, na mwalimu, yule niliyemwogopa, alicheka mpaka akavua miwani. Masanja akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama anashika yai, nikamkabidhi mke.

Basi ndugu zangu, msicheke. Au chekeni tu, ila hongera zenu nipeni kwa mdomo.