Jinsi Adelina Alivyoikomboa Majengo

Naapa kwa macho yangu mawili, hili linaloona na lile lililobaki kwa ajili ya sura tu, ya kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kutosha yai moja; na atakayesema nimeongeza neno, na aje Unionville anikabili ana kwa ana, aje mchana, tena asije mikono mitupu.

Basi kusanyikeni, enyi wa Brampton mnaotoka viwandani, nanyi wa Thornhill mnaozunguka kutafuta mahali pa kuegesha gari! Zimeni televisheni, na anayepiga simu mwambieni mmekufa. Mmesikia habari za vita vya wafalme na mizinga, mkadhani hivyo ndivyo vita. Masikini ninyi! Vita hasa vilipiganwa Jumamosi ya pili ya Februari, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, saa tisa alasiri, katika chumba cha mikutano cha ghorofa moja la kupangisha kwenye barabara ya Jane, mjini Toronto, baina ya chumba cha kufulia nguo na mlango wa dharura. Nami nilikuwepo. Kwa kusema kweli, mimi ndimi niliyekuwa adui.

Kila Jumamosi, sisi tuliomwagwa huku na ndege na majaliwa tulikutana humo kutega vitendawili, ili Kiswahili kisitugande mdomoni. Watoto nao walikuwepo, wakielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Desturi mnaijua: aliyeshindwa kutegua hukiri, naye mtegaji hudai, "Nipe mji!" Na akishapewa mji, sharti auingie, autembee, asimulie alichokuta huko. Ndivyo walivyofanya babu zetu, wakagawana dunia nzima jioni moja bila kumwaga damu. Jambo ambalo serikali nyingi hadi leo zimeshindwa kulijifunza.

Sasa mimi Hasanali, fundi saa mstaafu, mzaliwa wa Moshi, niliyejisomea mwenyewe kila kitabu kilichotupwa na jirani, katika majira matatu ya baridi nilikuwa nimeteka miji mingi kuliko jemadari yeyote aliyewahi kupanda farasi. Siri yangu ilikuwa moja. Nilitunga sheria, nikaiita Sheria ya Jina Moja: atekaye jina ameteka kila mji wenye jina hilo, popote ulipo chini ya jua. Ukinipa London ya hapa Ontario, mwendo wa saa mbili kwa gari, naichukua na ile ya Uingereza, madaraja yake na ukungu wake. Ukinipa Hamilton, naitwaa ya hapa penye viwanda vya chuma, na ya Uskoti, na ya New Zealand, na ile ya Bermuda kwa ajili ya mapumziko. Ukinipa Malindi ya Kenya, mtu wa Unguja anaamka hana Malindi.

Na asiyeridhika nilimtuliza kwa asili ya jina. Niliwaambia Hamilton alikuwa Mpare mmoja, jina lake Hamili, aliyebeba tani ya chumvi kichwani akakata bahari kwa miguu. Wakanyamaza kwa heshima. Siku moja tu niliteleza nikasema kweli, kwamba Paris ya hapa Ontario iliitwa hivyo kwa sababu ya jasi iliyochimbwa karibu yake, ile itengenezwayo plasta ya Paris. Wakacheka hata chai ikamwagika. Nikajifunza.

Siku hiyo ya vita, basi, alisimama mbele yangu Farhat wa Mombasa, Mshona-Mapazia, mwenye mkasi usiokosea na kichwa kinachokosea.

"Kitendawili!" nikanguruma.

"Tega!" wakaitikia.

"Akizaliwa hana sauti, akikanyagwa hulia, akifa huwa maji."

Farhat, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepiga koleo theluji mlangoni pake kwa saa nzima, nayo ikilia chini ya viatu vyake kama bawaba isiyotiwa mafuta, akafikiri mpaka masikio yakamwiva.

"Kondoo," akasema.

"Kondoo akifa huwa maji?"

"Kwetu huwa mchuzi."

"Farhat, kubali tu."

"Basi nimeshindwa, Mzee wangu. Chukua Majengo. Ya kwetu, ya Mombasa."

"Nimeipokea!" nikasema, nikinyoosha mkono kama mwenye kuvishwa pete. "Na ya Moshi. Na ya Nairobi. Na ya Goma."

Hapo ndipo birika lilipotua mezani kwa kishindo.

Na aliyelitua ni Adelina wa Goma, mashariki ya Kongo, Mwogesha-Wazee, aitwaye hivyo kwa kuwa siku tano za juma aliwaogesha wazee wa Kizungu katika nyumba ya wazee, wakikataa maji kwa matusi, naye akiwashinda mmoja mmoja kabla ya saa ya uji. Huyu alizaliwa Majengo, Goma. Mwaka mmoja na ushei kabla ya siku hiyo, vita vilipoingia mjini, aliondoka kwake kwa miguu, akaufunga mlango wa mbele kwa kufuli, kwa adabu tu, maana ukuta wa nyuma haukuwepo tena. Aliposhindwa vitendawili alinilipa Winnipeg. Mara saba alinilipa Winnipeg. Majengo hakuwahi kuitaja, sembuse kuitoa.

"Nani amegawa kwetu?" akauliza.

"Farhat," nikasema upesi.

"Mimi nimetoa ya Mombasa!" akapiga kelele Farhat. "Ya kwenu naijulia wapi, dada yangu?"

"Papa Hasanali, miye sijashindwa kitendawili leo. Nilikuwa jikoni, napika chai yako."

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikatoa hotuba ambayo ingefaa kuchongwa kwenye jiwe lau pangekuwa na jiwe. "Ewe binti wa Goma! Sheria haina jamaa. Jina ni moja, na mji ni mmoja. Mombasa ikianguka, Nairobi imetikisika. Nairobi ikitikisika, Goma imeanguka. Lia ukipenda, machozi yako ni halali. Lakini Majengo ni yangu, na chai naomba iwe na sukari."

Hakulia. Akaniangalia kama anavyowaangalia, nadhani, wale wazee wake wanaokataa kuvua soksi.

"Goma ilishaanguka mara moja, na hakuna mutu aliniuliza," akasema. "Hii mara ya pili mutaniuliza."

 Hata watoto wakaacha Kiingereza.

Ndipo akainuka Mwalimu Onesphore wa Rumonge, Hakimu wa Vitendawili, ambaye huko Burundi alifundisha madarasa manne kwa chaki moja, na hapa alikata kuku waliogandishwa katika kiwanda cha Brampton, akiwakata kwa haki, paja kwa paja.

"Wandugu," akasema, "sheria ya Mzee Hasanali ni ya Mzee Hasanali. Desturi ni yetu sote. Apewaye mji husimulia mji. Mzee amejitwalia Majengo nne. Vizuri, na asimulie zote nne. Akifaulu, Mama Adelina atanyamaza. Akiusemea uongo mji mmoja, anaurudisha, na juu yake atatoa mji wowote atakaodaiwa. Mzee, unakubali au unaogopa?"

"Kuogopa ni nini?" nikauliza. Ninyi mngejibu vipi, mbele ya watu?

Nikaanza. Majengo ya Moshi nilizaliwa humo, haikunitoa jasho. Ya Mombasa niliisimulia hadi Farhat akafuta pua. Nairobi nilikaa siku nne mwaka wa sitini, nikapotea mara mbili. Mama mmoja wa huko akasema ndivyo kabisa. Ikabaki Goma.

Sasa, kuhusu jina hili, watu wasio na elimu husema majengo ni majengo: viwanja vilipimwa, watu wakajenga, basi likaitwa hivyo huku na huku bila mtu kumwiga mwenzake. Ufukara wa mawazo! Niliwaeleza habari za Jengo Mkuu, jitu lililokuwa na wana wanne na matofali manne, likawaambia wanawe, "Tembeeni, tofali litakapokuwa zito, litueni, mkae hapo." Watatu wakachoka mapema, kama kawaida ya wakubwa. Wa nne, kitinda mimba, akatembea miaka tisa, akavuka maziwa, akalitua Goma.

"Nami nililiona tofali hilo," nikasema, kwa kuwa nilishapanda na sikuona pa kushukia. "Mwaka wa hamsini na nane, nilikwenda Goma kuuza saa sitini za ukutani. Nikaitembea Majengo mtaa kwa mtaa, siku saba, miguu ikizama katika mchanga mwekundu, laini kama unga wa ngano, hata viatu vyangu vyeupe vikarudi Moshi vyekundu, mke wangu akanigombeza."

Adelina alikuwa akimimina chai, polepole, bila kuinua uso.

"Siku saba, Papa?"

"Saba kamili."

"Na soli za viatu, zilikuwa namna gani?"

"Nzima!" nikasema, nikidhani ananisifia viatu. "Kama zimetoka dukani."

"Nzima kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akaliweka birika chini. Akakunja mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, akawaonyesha watu kovu jeusi, pana kama sarafu, lenye kingo za kuchanika.

"Hii ni Majengo," akasema. "Nilianguka nikiwa na miaka sita. Goma tunakaa juu ya moto uliolala. Chini ni jiwe jeusi la volkano, kali kama meno ya musumeno. Mama yangu akitaka kupanda maharage alileta udongo kwa ndoo, kutoka mbali. Mchanga mwekundu hakuna, Papa, hata wa dawa. Na soli! Kule soli inaomba ruhusa siku ya tatu."

Nikafungua kinywa. Historia haijui nilitaka kusema nini, nami pia sijui. Maana hapo hapo, mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, akasema Nazlin, mke wa mwanangu, aliyekuja kunichukua:

"Baba, mwaka wa hamsini na nane si ndio ule ulipovunjika mguu? Mama alisema ulilala miezi mitatu, ukitengeneza saa kitandani."

"Nazlin, nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini ulilala."

Ikaanguka himaya yangu! Vigelegele vikapasua dari, na mashine ya kufulia ya chumba cha pili, kana kwamba ilikuwa ikingoja ishara, ikaanza kukamua nguo kwa ngurumo kama ngoma za ushindi. Farhat, msaliti aliyesababisha yote, akawa wa kwanza kushangilia. Mwalimu Onesphore akatamka kwa sauti ya paja lililokatwa sawasawa: "Majengo ya Goma imerudi kwa wenyewe!" Na iandikwe, enyi waandishi wa tarehe, ninyi mnaojaza vitabu kwa majina ya waliochoma miji, iandikwe kwamba palikuwa na mwanamke mmoja aliyeukomboa mji mzima kwa kiwiko, akiwa amevaa kandambili juu ya soksi, na hakuna aliyempigia mzinga. Wala hakuna mchoro wake kwenye noti za benki. Mtachora nani basi?

"Sasa," akasema mshindi, "nipe mji."

"London," nikasema. "Zote mbili."

"Sitaki."

"Hamilton nne! Bermuda pana jua, mama, na mifupa yako na baridi hii..."

"Sitaki."

"Paris, pamoja na plasta yake."

Farhat akacheka tena, mjinga yule.

"Nataka Moshi," akasema Adelina.

Nikacheka mimi sasa, peke yangu. Niliondoka Moshi mwaka wa sabini na mbili, na masanduku mawili. Katika majira yale matatu ya baridi nilikuwa nimeigawa na kuipora miji ya kila mtu, na kila niliposhindwa nililipa kwa mji wa mwingine. Kumbe hata mimi, tangu siku ya kwanza, ule mmoja nilikuwa nimeufungia kabatini kama alivyoufungia wake yeye. Sikulijua hilo mpaka alipoutaja.

"Moshi ni mji mdogo, Mama Adelina," nikasema. "Hauna faida."

"Na Majengo ya kwetu ilikuwa kubwa?"

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama chai yake.

"Chukua Moshi," nikasema.

"Yote?" akauliza Mwalimu, kwa kuwa haki haina huruma.

"Yote. Na Majengo yake, na mlima siku ukitoka mawinguni."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikaona nisife bure, nikajipa kisasi kidogo: "Haya, mwenye mji! Desturi ni desturi. Wewe ambaye hujafika Moshi hata ndotoni, tusimulie ulichokuta."

Adelina akaketi karibu nami, akanisukumia kikombe changu. Alikuwa ametia sukari. Akafumba macho.

"Nimekwenda Moshi," akasema. "Nimefika Majengo saa ya kula. Nimekuta nyumba ya fundi saa, mlango uko wazi, saa zote zinapiga, kila moja na wakati wake. Watu wamekaa mezani. Wakaniuliza, Hasanali iko wapi? Nikasema, iko Toronto. Wakauliza, anafanya nini huko? Nikasema, anadanganya watu, mchana kutwa." Akanywa chai kidogo. "Wakaangaliana, wakasema: Mungu ashukuriwe, basi ni mzima."