Tochi za Otiende na Jiko la Boke

Siku Otiende alipoona kichwa cha Werema kimezama ndani ya gunia saa sita mchana, alijua Mungu hajamsahau.

Ilikuwa siku ya gulio pale Nyangoto, miaka ile ambayo kila mwanamume mwenye mikono miwili alikuwa chini ya ardhi anatafuta dhahabu, na mwenye mkono mmoja alikuwa juu anavuta kamba. Werema alikuwa na maduara mawili, yaani mashimo mawili ya kuchimba, na shingo nene ya mikunjo, kama shingo tatu zilizokaa pamoja kwa amani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mchuuzi, amejifunika gunia la mahindi mpaka kiunoni, na sauti yake ilikuwa ikitoka humo ndani: "Inawaka. Hapana, haiwaki. Inawaka."

Shida ya tochi ni hiyo. Hununuliwa mchana, na mchana hausemi ukweli wa tochi. Wengine walijifunika koti, wengine waliikumbatia kwa viganja wakachungulia kwa jicho moja, na mama mmoja aliwahi kuingiza kichwa chini ya sketi yake mwenyewe, jambo ambalo gulio zima lililizungumzia mpaka Krismasi.

Otiende alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Shirati, mwenye shati jeupe na viatu alivyovipangusa kila baada ya hatua ishirini. Siku hiyo alikuwa na katoni ya tochi arobaini, zile ndogo za kutia mfukoni, ambazo watu wa Nyangoto walikuwa bado hawajazizoea. Alizipata kwa shangazi yake Beryl, mwenye duka ng'ambo ya Sirari, baada ya paa la duka kuvuja juu ya katoni mwezi mzima. Nyingine ziliwaka zilipotaka, nyingi ziliwaka zikipigwa kofi. Moja tu ndiyo ilikuwa nzima: ya chuma, nzito kidogo kuliko ukubwa wake, yenye mpira mweusi shingoni wa kuzuia maji na kibanio cha kuikamata mfukoni kama kalamu. Hiyo aliiweka kwenye mfuko wa shati lake. Mganga mwenye akili hanywi dawa anayouza.

"Watu hawa hawakosi tochi," alijisemea akimtazama Werema anavyopiga chafya ndani ya gunia. "Wanakosa giza."

Akaenda kutafuta giza, akalipata kwa Boke.

Boke alikuwa mjane mtu mzima, na jiko lake lilikuwa nyumba ndogo ya udongo na nyasi, haina dirisha, ndani nyeusi kama tako la sufuria. Lakini lilikuwa limeinama. Mchwa walikuwa wamekula nguzo tatu na sasa walikuwa wanaonja ya nne, na masika yalikuwa yanakaribia. Miezi miwili Boke alitafuta wa kumjengea jiko jingine. Aliahidi pombe, akaahidi beberu. Vijana wote walimjibu kwa heshima, "Mama, tukitoka shimoni." Na hakuna aliyetoka shimoni isipokuwa kwenda kula.

"Shikamoo, mama," alisema Otiende.

"Marahaba. Una jembe?"

"Mimi ni mfanyabiashara, mama."

"Basi huna jembe." Akaendelea kuchambua maharage.

"Nataka kukodi giza lako."

Boke aliinua macho, akalitazama jiko, akamtazama tena. "Giza hilo ni la moshi wa miaka thelathini. Si giza la bei ya chini."

"Nitakupa tochi moja."

"Nitaichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Siku nitakayotaka?"

"Siku yoyote, tochi yoyote niliyo nayo."

"Sema tena, Mokami asikie."

Mokami, jirani, alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Alisimama, akageuka na ndoo yake taratibu, akasikia, akaenda zake. Mkataba ukawa umefungwa.

Kesho yake Otiende aliitoa kufuli ya sanduku lake, ya shaba ya njano iliyopakwa rangi ya kijani, akaisaga kwa tupa mpaka ikawa unga na vipande vichache. Unga kidogo akauchanganya na tope akapaka ukuta wa nyuma, na uliobaki akauacha rafuni ndani ya kopo la majani ya chai. Alipomaliza, Boke aliingia kuchukua mwiko. Ukuta uliosiribwa na mwanamke huonyesha kiganja kimekwenda mviringo. Huu ulikuwa umepakwa kama siagi kwenye mkate. Tena tope lenyewe halikuwa na mavi ya ng'ombe, kwa hiyo lilikuwa limeshaanza kubanduka. Boke alinusa, akachukua mwiko, akatoka.

Mteja wa kwanza alikuwa Werema.

"Mzee, tochi yako hiyo ya betri tatu inaiogopesha dhahabu," Otiende alimwambia mlangoni. "Ukiimulika, inafumba macho. Hii ndogo inainyemelea."

"Inainyemelea vipi?"

"Kwa adabu. Nishikie hapa, na hiyo yako nikushikie." Akaishika, na kidole chake kikapitisha masizi ya mwimo wa mlango kwenye kioo. "Kule nyuma nimepaka vumbi la dhahabu la majaribio, la kwangu mwenyewe. Anza na tochi yako."

Werema alimulika kwa tochi kubwa. Ukuta ukabaki ukuta.

"Sasa hii ndogo. Kwanza ipige kofi. Lazima ijue bwana wake ni nani."

Pakasikika kofi. Mbele ya Werema ukuta ulikuwa umeota nyota.

"Mura, kijana wangu," sauti ilitoka gizani, "nipe tatu."

Wiki ile Nyangoto ilisikika vibaya. Kutoka kila duara, chini kabisa, zilipanda sauti za makofi, na akina mama waliopita walidhani waume zao wanapigana. Wachache walirudi kulalamika.

"Tochi yako haioni kitu," alisema mmoja.

"Umemulika wapi?"

"Duarani kwangu."

"Basi tochi ni nzima. Duara ndilo bovu. Shukuru umeambiwa mapema."

Yule mtu akashukuru.

Boke naye kila alasiri, wateja wakipungua, aliingia kuchagua tochi yake. Hakuwa na haraka. Alitaka ya kwenda nayo chooni, ya kuchungulia mayai chini ya kuku, ya kutazama mbuzi wakati wa kuzaa. Aliipima kila moja mkononi. Hii swichi yake ni laini, itajiwasha mfukoni na kumaliza betri. Hii mwanga wake ni mwembamba kama uzi, utamwona nyoka kichwa au mkia, si vyote viwili. Hii inakula betri ambazo kuzipata mpaka uende Tarime. Hii ukiitikisa inalia kama kibuyu.

"Mama, chukua yoyote basi," Otiende alisema siku ya tano.

"Mume nilichaguliwa," alijibu Boke. "Tochi nitachagua."

Betri zilipoisha Otiende alikwenda Tarime kununua nyingine, akakaa huko siku mbili akitembeza viatu vyake mbele ya stendi. Siku hizo mbili Boke aliazima kwa Mokami ndoo ya mavi mabichi ya ng'ombe.

"Unasiriba jiko linaloanguka?" Mokami alishangaa.

"Hata maiti huoshwa," alisema Boke, akaingia ndani na kufunga mlango. Kutwa nzima moshi wa majani mabichi ulitoka chini ya nyasi.

Otiende aliporudi aliinama kupanga betri, na tochi yake nzuri ikamponyoka mfukoni, ikabingirika nyuma ya mtungi ikiwaka. Pale mtungi ulipokuwa umekwaruza ukuta wa kushoto, palimeta. Aliokota tochi akakwaruza kwa ukucha. Pakameta zaidi. Akarukia ukuta wa kulia, akakwaruza. Pakameta. Alikaa juu ya figa, ambalo kwa bahati lilikuwa limepoa.

Ukuta wa nyuma aliujua. Ule ulikuwa uongo wake mwenyewe. Lakini huu ulikuwa wa kushoto, na yeye hakuwahi kudanganya upande wa kushoto. Tena ulikuwa mweusi kwa moshi, na alama za viganja vya mama mzee zikienda mviringo. Alitamani amuulize mchimbaji. Lakini mchimbaji akijua, atataka, na Otiende hakumjua mchimbaji hata mmoja mwaminifu, maana wote aliwajua kupitia biashara yake.

Akatoka nje akiwa amepangusa viatu mara mbili.

"Mama, huu udongo wa kusiribia ulichota wapi?"

"Marehemu alichimba shimo pale nyuma ya zizi. Miezi mitatu, halafu mwamba ukamshinda. Sikutaka udongo upotee."

Otiende aliligeukia jiko. "Jiko hili limechoka. Niuzie nilibomoe, nichukue udongo tu."

"Udongo wa nini?"

"Wa, wa tofali."

"Na mimi nipikie wapi, mwanangu? Mvua hiyo." Alionyesha mawingu yaliyoanza kukaa juu ya vilima.

"Nitakujengea jingine."

"Utalijenga kwanza, ndipo ubomoe hili."

"Sawa."

"Nguzo za mti usioliwa na mchwa. Bati, si nyasi. Dirisha upande huu, upepo utoe moshi. Na rafu iwe hapa kwenye bega langu, sipendi kunyoosha mkono. Mokami, umesikia?"

Mokami alikuwa anapita na ndoo. Alikuwa amesikia.

Otiende alitafuta vibarua kijiji kizima. Wote walikuwa duarani, wanapiga tochi makofi. Basi fedha yote ya tochi ikaenda Tarime ikarudi ikiwa mabati na misumari, na kazi akaifanya mwenyewe. Alichimba mashimo ya nguzo, akafunga fito, akakanyaga tope kwa miguu ile iliyozoea viatu vya kung'aa. Boke alikaa kwenye kigoda na maharage yake. "Hiyo nguzo imeinama, mwanangu," alikuwa akisema, na ilikuwa imeinama kweli. Kusiriba, Boke alisiriba mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo hakumwamini Otiende nayo.

Siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu Otiende alibomoa jiko la zamani na kuburuta udongo kwa toroli mpaka mtoni, akaanza kuuosha ndani ya karai. Aliosha ukuta wa kushoto mpaka jua likawa kichwani. Chini ya karai palibaki unga wa njano kidogo. Akauinamia. Katikati ya unga kulikuwa na kipande kama ukucha wa mtoto, upande mmoja wa njano, upande wa pili wa kijani.

Rangi ya kufuli yake.

Alikaa kwenye maji. Alipoinua kichwa, Werema alikuwa amesimama ukingoni, tochi tatu zimejaa mifuko yake mitatu. Aliinamia karai, akakichukua kile kipande cha kijani, akakigeuzageuza, na shingo zake zote tatu zikaelewa kwa pamoja.

"Umeona kitu?" aliuliza Werema.

"Sijaona."

"Basi duara lako ndilo bovu, mura. Shukuru umeambiwa mapema."

Akazitoa zile tochi tatu, akazitumbukiza moja moja ndani ya karai, akaenda zake anacheka.

Otiende alirudi kuchukua sanduku lake, ambalo sasa halikuwa na kufuli. Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati. Ndani ya jiko jipya moto ulikuwa unawaka, moshi unatoka dirishani kwa utaratibu, na kwenye rafu, sawasawa na bega la Boke, palikuwa na lile kopo la majani ya chai aliloachia unga wake. Alilifungua. Lilikuwa na chumvi.

"Mama," alisema polepole, "lile shimo la marehemu. Lilikuwa la dhahabu?"

"La choo," alisema Boke. "Kaa ule, maharage yameiva."

Alikula, maana njaa haijui aibu. Alipomaliza alinyanyua sanduku.

"Bado kodi yangu," alisema Boke.

Otiende alifungua katoni. Zilibaki nane. "Chagua, mama."

"Nimeshachagua." Alinyoosha kidole kwenye mfuko wa shati la Otiende, ambalo halikuwa jeupe tena. "Hiyo. Ina uzito, haitapeperuka. Ina mpira, haitaogopa mvua. Swichi yake ngumu, haitajiwasha. Betri zake hata hapa gulioni zipo. Na ina mahali pa kubania."

"Mama, hii ni yangu."

"Tochi yoyote niliyo nayo," alikariri Mokami, ambaye alikuwa amejikinga mvua mlangoni na ndoo yake.

Otiende aliitoa. Boke aliipokea kwa mikono miwili, akajifunika khanga kichwani palepale, mchana, akaibonyeza.

"Inawaka," sauti yake ilitoka ndani ya khanga. "Tena haitaki kofi."

Alipofunua kichwa, Otiende alikuwa ameshaingia kwenye mvua, sanduku kichwani, viatu mkononi.