Kamera ya Chumba cha Chai

Jumatatu, 3 Machi
Wino wa printa unazidi kutoweka kabatini. Fursa adhimu! Ijumaa ndiyo siku ya kuamuliwa kama nitathibitishwa kazini. Nimewasilisha pendekezo rasmi: kamera ndogo ndani ya chumba cha chai, lilipo kabati hilo. Meneja alikohoa, akasema tutazame kwanza gharama. Nikamjulisha kuwa nimekwisha kuinunua na itaanza kazi kesho. Akakohoa tena. Jioni nimeiwasha mapema, kwa majaribio.

Jumanne, 4 Machi
Mhasibu, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, amepinga. Hadharani! Alitaka kujua ni nani aliyeulizwa. Nilieleza kwa ufasaha kwamba maslahi ya mwajiri hutangulia, na kwamba mtu mwadilifu hana cha kuficha. Nikadhani nimeshinda.

"Mwanangu," akasema, "humo ndimo ninamopandisha blauzi nijidunge sindano yangu ya sukari. Na tumbo langu nalo ni mali ya kampuni?"

Dereva alicheka hadi akamwaga chai. Niliahidi kuliandalia suala hilo waraka. Kamera inabaki. Shangazi amehamia stoo na sindano yake. Mpinzani hatari.

Jumatano, 5 Machi
Mwizi hajatokea. Wenzangu sasa wanakunywa chai wamesimama kwenye ngazi, harakaharaka. Ufanisi umeongezeka.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba! Mwenye kampuni anakuja kesho kutazama picha zote kwenye skrini kubwa, mbele ya wafanyakazi. Nimezipitia kwanza. Mwizi simwoni. Jumatatu jioni yumo meneja tu, akitoka na masanduku mawili ya wino, ufunguo wa gari lake mkononi, bila shaka kuyanusuru.

Kabla yake, nimo mimi. Nikimwigiza meneja. Kikohozi, tumbo mbele, mikono nyuma, hata namna anavyopandisha suruali. Nimeigiza vizuri mno. Kufuta anaweza fundi kompyuta peke yake. Sharti hilo nililiweka mimi, kwa ajili ya uadilifu.

Nimemweleza meneja kuwa kamera iliwaka tangu Jumatatu. Amekohoa mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye kampuni aliketi. Skrini ikawashwa. Shangazi akasimama kukumbusha kwamba hakuna aliyetoa ridhaa. Nikasimama naye! Nikanena juu ya staha, juu ya utu, juu ya tumbo la Shangazi. Safari hii haikuwa sanaa. Meneja akadakia kuniunga mkono, jasho likimchuruzika. Kiongozi mwenye huruma kweli.

Mwenye kampuni alituduwalia, kisha akaagiza picha zifutwe bila kutazamwa, kamera ing'olewe, na kabati litiwe kufuli. Kufuli! Hakuna aliyewahi kuliwaza.

Fundi akafuta palepale. Meneja alinithibitisha kazini kabla ya saa ya kutoka, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Shangazi alinikuta mlangoni, sindano yake mkononi, akirejea chumba cha chai.

"Leo umekua, mwanangu," akasema. "Sijui kilichokukuza, wala sikuulizi. Hayo ni yako."

Jumapili, 9 Machi
Nimelala usingizi mnono. Nimeamka na wazo: kifaa cha kufuatilia magari ya kampuni, kila yanakokwenda na kila yanachopakia. Nitaanza na gari la meneja. Sitamwambia, ili matokeo yawe safi.