Dramu za Rangi ya Kiti cha Mkurugenzi

Watumishi wote wa Idara ya Udhibiti wa Kelele walitangaziwa, kwenye mbao zote saba za matangazo pamoja na ule wa ndani ya choo cha wanaume, kwamba Idara imepiga hatua ambayo haijawahi kupigwa na idara nyingine yoyote: imeunda Kamati Maalumu ya Kuchagua Rangi za Dramu Mpya. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, na ingeanza kazi mara tu itakapopata chumba chenye viti kumi na vinne.

Wapo watakaouliza idara ya kuzuia kelele ina dramu za nini. Hao ni watu ambao hawajapelekwa semina. Huwezi kumwambia mtu anyamaze kama hakusikii, na ndiyo maana Idara, tangu ianzishwe, ina bendi ya watu tisa inayotangulia mbele ya kila kampeni ya utulivu, ikipiga kwa nguvu zake zote.

Mpiga dramu wa bendi hiyo aliitwa Mzee Dunda. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili tu. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amepiga dramu alizozirithi kwa marehemu aliyemtangulia, na alizirithi zikiwa tayari zimechoka. Ngozi ya dramu kubwa ilishikiliwa na mipira ya baiskeli, pedali ilirudi juu kwa msaada wa springi ya kitanda, na toazi lilikuwa na ufa, kwa hiyo ukiligonga halilii, linafyonya. Kila mwaka aliandika barua ya kuomba dramu mpya, na kila mwaka barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri na kupewa heshima zote isipokuwa jibu.

Sasa alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na mwaka huo barua ilijibiwa: dramu mpya zimekubaliwa. Mkewe alimwuliza mzee mzima anataka nini tena na dramu mpya, si angoje tu kiinua mgongo chake atulie nyumbani.

"Mama, miaka yote hiyo watu wananiambia sijui kupiga," alisema. "Na mimi nawajibu ni dramu mbovu. Nataka nijue kabla sijatoka. Isije ikawa ni mimi."

Mkewe akageukia sufuria yake. Hata yeye alikuwa mmoja wa hao watu.

Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Dukani, fundi wa dramu alimpa fomu yenye nafasi mbili tupu: rangi ya mbao, na rangi ya vyuma. Alimwonyesha vipande arobaini na sita vya mbao zilizopakwa rangi, vimetungwa kwenye pete kama funguo za nyumba kubwa, na vipande vitano vya chuma: cha fedha, cha dhahabu, cha shaba, cheusi na cha rangi ya moshi. Akamwambia kuchagua ni kazi ya dakika mbili, ila kiwandani dramu zitakaa miezi miwili. Mzee Dunda akajaza kwa penseli: mbao nyeusi, vyuma vya fedha. Alitumia dakika moja na nusu.

Mkurugenzi alipoiona fomu hiyo alishtuka, na alikuwa na haki ya kushtuka. Mtumishi wa ngazi ya chini kabisa alikuwa ameamua jambo peke yake, bila kikao, bila posho, bila hata chai. Mambo yote yangekuwa yanaamuliwa namna hiyo, si yangekuwa yameisha zamani? Akachukua raba, akayafuta maandishi yale kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaunda Kamati.

Kamati ilikaa kila Alhamisi. Mzee Dunda aliitwa kama mwalikwa asiye na sauti, akapewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Kikao cha kwanza kilijadili kama dramu ni kifaa au ni samani, kwa kuwa rangi za vifaa na rangi za samani zina nyaraka tofauti. Cha pili kiliikataa nyekundu kwa sababu ni rangi yenye kelele. Cha tatu kiliikataa nyeupe, ambayo huonyesha uchafu, na nyeusi, ambayo huuficha, maana Idara haikutaka ionekane ina jambo la kuficha. Kijani ilikuwa ya watu wa misitu na bluu ya watu wa maji, na kuzitumia bila kibali kungeleta ugomvi wa ndugu. Kwenye vyuma ndipo mambo yalipochacha. Dhahabu ingewafanya wananchi waulize maswali, fedha ingewafanya wafadhili wadhani hatuna shida, na shaba ilihitaji mtu wa kuisugua, kazi ambayo haimo kwenye muundo wa utumishi. Kisha likazuka suala la kung'aa. Mjumbe mmoja alieleza kwa saa mbili kwamba kung'aa ni kelele inayopitia machoni.

Mara moja tu Mzee Dunda alinyoosha mkono kukumbusha kwamba dramu hupigwa. Kwenye muhtasari iliandikwa kuwa mwalikwa alikohoa.

Wakati huohuo Mkurugenzi alikuwa na mzigo mwingine. Makao makuu yalitaka watumishi hewa, wanaolipwa bila kuwepo, wasakwe, na yeye, mtu asiyependa kazi nusunusu, aliandika waraka wake mwenyewe: mtumishi halali ni yule anayekutwa kwenye kiti chake, nyuma ya kibao cha cheo chake, mwingine yeyote ni hewa. Siku ya kwanza ya waraka alimkuta mpiga chapa ameinuka kufunga dirisha, mvua isilowanishe mafaili. Alimfuta. Kabla ya saa nane mama wa watu alikuwa nje ya geti na mkoba wake. Makao makuu yaliupenda sana waraka huo, yakaamuru utumike kila mahali.

Ikapita miezi mitatu. Katibu wa Kamati na mhasibu walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya tofauti iliyopo kati ya hudhurungi na kahawia. Mzee Dunda alihesabu kwenye kalenda ya ukutani, na hesabu ikamkata maini: ukitoa miezi miwili ya kiwandani, Kamati ikikaa Alhamisi nyingine nane tu, dramu zingefika siku anaagwa. Angekwenda nyumbani bila kujua.

Alhamisi iliyofuata Mkurugenzi mwenyewe aliingia kikaoni amekunja uso, akauliza imekuwaje watu wazima kumi na wanne washindwe na ndoo moja ya rangi. Wajumbe wakainamia makaratasi. Maji yalikuwa yamemfika Mzee Dunda shingoni, akasimama bila kupewa ruhusa.

"Mheshimiwa, unisamehe," alisema. "Katika jengo hili zima sijaona rangi yenye heshima kama ya kiti chako."

Mkurugenzi alilitafakari wazo hilo kwa muda, kwa haki, bila upendeleo. Siku zote alikuwa akihisi hivyohivyo. Katibu, akiogopa kuachwa nyuma, akasema haraka kwamba kama mbao zitafanana na kiti, basi vyuma vifanane na kile kibao cha shaba cha mlangoni kwa Mkurugenzi. Ikapitishwa kwa makofi. Ili na Kamati nayo ionekane imefanya kazi, ikaongeza kwamba kiwandani isipelekwe picha, kwa kuwa picha hudanganya, wala jina la rangi, kwa kuwa majina ndiyo yaliyoleta uadui. Zipelekwe sampuli halisi. Sampuli Namba Moja: kiti. Sampuli Namba Mbili: kibao. Vyote viorodheshwe kama sehemu ya seti ya dramu, visije vikapotea njiani. Mkurugenzi akasaini. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ukurasa wa pili, na wakubwa husoma ukurasa wa kwanza.

Jumatatu, Mkurugenzi akiwa chakula cha mchana, akaja mtunza stoo na wapagazi wawili na bisibisi. Huyu waliyemwita Mama Stoo alikuwa mwanamke ambaye kitabu chake hakijawahi kukosewa hata mstari mmoja. Aliporudi, Mkurugenzi alikuta meza peke yake, na mlangoni matundu manne ya skrubu. Alifoka, akaonyeshwa sahihi yake. Akaomba kiti kingine, naye Mama Stoo akamsomea kanuni kwa upole: mtumishi mwenye kiti hapewi kiti, na yeye anacho, ila kipo kiwandani. Kukaa kwenye kiti cha mtu wa chini yake kulikatazwa na kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe. Basi akawatangazia watumishi kwamba ameamua kufanya kazi wima kwa afya ya mgongo. Wakuu wawili wa vitengo wakamwiga siku hiyohiyo.

Dramu zilifika baada ya miezi miwili, Jumanne asubuhi, na fundi akazifunga mwenyewe kwenye ukumbi wa bendi. Mbao zilikuwa hudhurungi iliyokolea na vyuma vilikuwa shaba tupu. Kiti cha mpigaji hakukileta, maana alisema aliona kwenye orodha ya mzigo tayari kuna kiti, tena kizuri, chenye magurudumu. Kibao hakujua kinakaa wapi, lakini nacho kilikuwa kwenye orodha, kwa hiyo alikikaza mbele ya dramu kubwa kwa skrubu zake nne: MKURUGENZI MKUU. BISHA HODI, NGOJA UITWE. Mama Stoo akahesabu vipande kumi na kimoja, akaviandika vyote kuwa seti moja ya dramu, mali ya bendi, akafunga kitabu.

Mzee Dunda akazuia magurudumu ya kiti kwa matofali mawili, akakaa. Aliogopa kuliko siku aliyokwenda kuposa. Akagonga mara moja, na dramu ikajibu palepale, sauti safi, haikuchelewa wala haikukwaruza. Akagonga tena. Akaongeza mguu, akaongeza toazi, na mikono ikaanza kufanya yale ambayo kwa miaka ishirini na mmoja ilikuwa ikijaribu kuyafanya. Hakuwa yeye. Zilikuwa ni dramu, miaka yote hiyo zilikuwa ni dramu. Alilia, mtu mzima na mvi zake, bila kuacha kupiga.

Asubuhi hiyohiyo mkaguzi wa watumishi hewa aliwasili kutoka makao makuu, waraka wa Mkurugenzi mkononi. Alianzia juu, kama inavyotakiwa. Kwenye chumba cha Mkurugenzi hakukuta kibao wala kiti, alikuta mtu tu amesimama mezani. Hakumsemesha, kwa kuwa waraka haumtambui mtu aliyesimama. Akaandika "hewa", akaendelea na safari, na yule mtu akamfuata nyuma kwenye korido akiuelezea mgongo wa mkaguzi mambo ya Kamati.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mkaguzi akakisoma kibao, akabisha hodi, akangoja aitwe.

"Karibu," alisema Mzee Dunda, akifuta macho.

Kiti kilikuwepo. Kibao kilikuwepo. Mtu alikuwepo.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema mkaguzi.

Mzee Dunda akaitikia marahaba, kwa kuwa salamu haikataliwi, na mkaguzi akaandika kwamba Mkurugenzi ameitika. Mzee alijaribu kueleza kuwa yeye ni mpiga dramu tu. Mkaguzi akaliandika hilo chini ya unyenyekevu.

"Mkurugenzi ni mimi," alisema Mkurugenzi.

"Kiti chako kiko wapi?"

"Si ndicho hicho alichokikalia huyu?"

"Na kibao?"

"Hicho hapo kwenye dramu."

Mama Stoo akaitwa, akaja na kitabu chake pamoja na uamuzi wa Kamati. Mkaguzi alisoma kurasa zote mbili, maana yeye bado hakuwa mkubwa. Akasema kwamba hapa bwana amesaini mwenyewe kuwa vitu hivi ni sehemu ya dramu, kwa hiyo haviwezi kuwa vyake. Katika orodha nzima ya Idara, aliongeza, imebaki nafasi moja tu isiyo na mtu, ya mpiga dramu. Asiye na nafasi ni hewa, na hewa hutoka getini kabla ya saa nane. Mkurugenzi alikitambua kifungu hicho. Alikiandika mwenyewe, tena kwa raha.

"Mimi ni mpiga dramu," alisema.

"Tupigie basi."

Mzee Dunda akainuka, akampa vijiti. Mkurugenzi akakaa kwenye kiti chake, na kwa muda mfupi alionekana kama mtu aliyefika kwake. Kisha akapiga. Ilikuwa kama kabati la masufuria limeanguka, likainuka, likaanguka tena. Mzee Dunda alisikiliza kwa makini sana. Dramu ni zilezile. Sasa hakubakiwa na shaka hata punje.

Mkaguzi alifunga peni yake, akamgeukia. "Mkurugenzi, unapendekeza nini juu ya mtumishi huyu? Tumwondoe?"

Mzee Dunda alimtazama mtu aliyeifuta penseli yake. Angeweza kusema ndiyo, na kwa kweli neno lilimjia mpaka mdomoni. Lakini hakuwa na roho mbaya, na alikuwa amebakiza miezi miwili.

"Asiondolewe, ana watoto," alisema. "Awe anakuja hapa kila siku kujifunza. Mimi napiga, yeye anaangalia mikono. Miezi miwili itatosha."

Mkaguzi akaandika, akapiga muhuri, akamwuliza mpiga dramu mpya kama ana maoni. Yule akauliza, kwa sauti ndogo, atakuwa anaangalia akiwa amekaa wapi. Mzee Dunda alikuwa ameshakaa, vijiti mkononi. Mkaguzi akapitia orodha yake tangu mwanzo hadi mwisho, akamjibu kwamba mpiga dramu tayari anacho kiti, ila kwa sasa kinatumiwa na Mkurugenzi.