Mchanga wa Elia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Elia amezidi. Leo kamwambia Daktari Honorata, mbele yangu, eti dawa yangu ya kuziba meno ni udongo wa kufinyangia. Udongo! Dawa niliyoihangaikia mwaka mzima, hapahapa maabara ya Rusimbi! Yake je? Uji mweupe, basi. Daktari kakata shauri: dawa zote mbili ziingie kwenye mashine ya kutafuna. Itakayolika kidogo, mwenye nayo ndiye mkuu wa maabara. Atakayeshindwa atachemsha koleo za kung'olea meno. Mimi, Samson, nichemshe koleo? Thubutu!

Jumanne, 10 Juni
Mashine ina mikono miwili ya chuma. Kila mkono unasugua kipande cha dawa ndani ya kikombe chake, kutwa kucha, na kikombeni lazima kuwe na chakula. Daktari anataka dagaa waliotwangwa, maana huku ndio tunaotafuna na vichwa vyao. Akauliza nani atawaleta. Nikawahi kunyoosha mkono. Elia hakushtuka, mjinga yule.

Nikashuka mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya dagaa inakotia nanga, kwa Mama Verediana, muuza dagaa. Ana wa kuanikwa juu ya kichanja, safi. Ana na wale wa kuanikwa chini, mchanga mtupu, wa kulishia kuku. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikaomba anitwangie mfuko mmoja wa kila aina. Akauliza hao wa kuku ni wa nani. Nikasema wa Elia, yule wa maabara ya meno. Wasafi ni wangu. Akanitazama kidogo, akaingia ndani kutwanga. Akanikabidhi mmoja mmoja: huu wako, huu wa Elia. Mama mwema sana. Elia atajua hajui.

Jumatano, 11 Juni
Mashine inanguruma. Nimejaza vikombe mwenyewe. Nasikia kitu kinakwaruza, na moyo wangu unaburudika. Leonia wa mapokezi kasema mkwaruzo unatoka upande wangu. Nimemwambia akapokee wagonjwa. Sikwenda kuangalia. Ya nini, na ninajua?

Ijumaa, 13 Juni
Nimeumbuka. Daktari kapima. Dawa ya Elia imechubuka tu. Yangu ina shimo la kutosha mjusi kutagia. Damu ikanipanda. Nikapiga meza, nikasema haiwezekani, mchanga niliuweka kwa Elia!

Wote wakanigeukia.

"Mchanga gani, Samson?" Daktari akauliza.

Nikasema mchanga wa kawaida. Ndilo jibu lililokuja.

Elia kapewa ufunguo wa maabara. Mimi koleo. Halafu Daktari akaniita pembeni. Akasema dawa iliyosagwa na mchanga muda wote huo bila kupasuka si dawa ya kubeza. Ningeweka dagaa safi pande zote, huenda ufunguo ungekuwa wangu. Hilo liliniuma kuliko yote. Sikulia. Ulikuwa mvuke wa koleo.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekwenda kumkabili Mama Verediana. Hata hakukana! Kumbe Elia kamposa binti yake, Marcelina, na mahari imeshapokelewa. Mifuko aliibadilisha makusudi.

"Mkwe wangu ale mchanga wa kuku, tena nimemtwangia mimi?" akasema. "Labda niwe nimekufa."

Nikamweleza haukuwa wa kula, ulikuwa wa mashine. Akasema mkwe ni mkwe. Mimi, je, si mtoto wa mtu? Akasema mimi nina meno mazima, nitapona.

Jioni Daktari kaniletea habari. Jumatatu tunapima upya, na ufunguo utarudi mezani. Dagaa safi vikombe vyote viwili, kawanunua yeye mwenyewe. Kasema dawa yangu ina nafasi kubwa ya kushinda, nisifanye kitu chochote, nikae tu. Nimemshukuru kwa dhati.

Kisha nimefikiri sana nikichemsha koleo, na kosa langu nimeliona waziwazi. Nilimwamini mtu. Ndiyo maana usiku huu nimerudi Kibirizi, ufukweni, na safari hii mchanga nimeuchota kwa mkono wangu mwenyewe.