Kivinjari cha Majaribio

Jumatatu, 8 Juni 2009. Kitale.
Leo nimefumbuka macho! Kumbe kivinjari kinachotufungulia intaneti kina matoleo mawili. Kuna lile thabiti, lililokamilika, ambalo kila mtu analo. Na kuna la majaribio, linalotolewa mapema kwa wachache wenye moyo. Nimo, mwenye saiba (duka la intaneti) inayotazamana na yangu ng'ambo ya barabara, ana lile thabiti kwenye mashine zake zote. Wateja wamejaa kwake, sijui wanafuata nini. Sasa basi! Mimi Mukhisa nitakuwa wa kwanza mjini kuwa na la majaribio.

Nimeanza kulipakua saa mbili asubuhi. Limekwisha kuingia saa tisa. Wateja wawili wamelalamika ati barua pepe hazifunguki. Nimewaambia maendeleo hayana haraka. Nimewaona wakivuka barabara.

Jumanne, 9 Juni.
Kasi ya ajabu! Ukurasa unafunguka kabla hujatoa kidole. Halafu kivinjari kinakufa. Kikifa, kinauliza kama ningependa kuwaandikia waliokitengeneza. Watu waungwana sana. Nimewaandikia: hamjambo, mimi ni Mukhisa wa Kitale, huku mvua ni nzuri na mahindi yamefika magotini, kivinjari kimekufa. Kufikia jioni, barua kumi na nne. Hawajajibu. Labda wana shughuli.

Nimo amekuja kuazima wino wa printa. Akaona. Akanishauri niweke la majaribio kwenye mashine yangu moja, wateja niwaachie lile thabiti. Wivu mtupu! Alipotoka tu nimefuta lile thabiti kwenye mashine zote sita, nisije nikalegea.

Ijumaa, 12 Juni.
Siku ngumu.

Mwalimu Jerop alifika saa nane. Anafundisha watoto viziwi, na anaomba nafasi chuoni akasomee kazi hiyo vizuri. Fomu ni ya mtandaoni, mwisho leo saa kumi na moja. Akauliza kama mashine zangu ni za kuaminika. Nikamwambia hapa tuna intaneti ya kesho. Akasema yeye anahitaji ya leo.

Aliandika saa mbili nzima. Alikuwa kwenye sentensi ya mwisho. Kikafa! Kila kitu kikaenda nacho. Kisha kile kidirisha kikajitokeza kwa adabu, kuuliza kama angependa kuandika barua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua miwani, akaifuta. Miaka minne anangoja nafasi hiyo, akasema. Nikabeba mkoba wake, tukavuka barabara mvua ikinyesha.

Kwa Nimo hapakuwa na kiti. Nimo akainuka kwenye mashine yake mwenyewe. Mwalimu akaketi, akasema hakumbuki hata alianzaje. Lakini mimi nakumbuka! Nilikuwa nachungulia begani kwake tangu mwanzo. (Mwenye saiba lazima ajue wateja wanafanya nini.) Nikamtajia neno kwa neno, mpaka pale pa msichana aliyeimba wimbo wa taifa kwa mikono gwaride zima likanyamaza. Nimo akatoa leso. Fomu imeondoka saa kumi na dakika hamsini na saba.

Mwalimu akanishukuru. Mimi! Nimo akaniambia, "Mukhisa, bana, si urudishe tu ile ya zamani?" Nikaapa nitairudisha. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 14 Juni.
Nimetafakari, tena kanisani. Majaribio hayakuwa na kosa. Kosa ni kwamba langu lilikuwa toleo la majaribio la tatu, na la nne lilishatoka. Nilikuwa nimepitwa na wakati!

Jumatano, 17 Juni. Bungoma.
Dada yangu Lenah amefungua ofisi ya kuchapa barua karibu na soko. Ameniita nimtayarishie kompyuta. Ana ombi moja tu, kivinjari kisichokufakufa: "Niwekee ile haikufangi ovyo." Kisha ameenda Chwele kunitafutia kuku wa shukrani. Dada mwema.

Nimepekuapekua. Nimekuta kitu ambacho Kitale nzima hawajakiota: toleo linalopikwa upya kila siku, kabla hata ya lile la majaribio! Watengenezaji wameweka onyo jekundu kwamba wasiojua wasiguse. Yaani wanatutafuta sisi tunaojua.

Nimefuta lile thabiti. Jipya limefunguka mara moja, limejaza skrini yote. Linapendeza mno. Sioni kitufe cha kulifunga, lakini nani atataka kulifunga?